Mama mkubwa alifungwa bendeji miaka miwili wakiita donda ndugu. Ilikuwa kansa ndani ya kovu la moto

Mpwa wa Kimamba

Wakuu salaam.

Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha ukae, kwa sababu juzi nilipanda basi nikakaa karibu na mzee amefunga kitambaa kwenye mundi wa mguu, nzi hawamwachi. Nikamwamkia, nikamuuliza hicho kidonda kina muda gani. Akasema, "Hili ni donda ndugu tu mwanangu, tumeshazoeana." Usiku ule sikulala.

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, aliungua akiwa na miaka saba. Ilikuwa 1975, Kimamba, kibatari kilimwagikia gauni. Moto ulimla nyuma ya goti la kulia kushuka mpaka shavu la mguu. Mambo ya kubandikwa ngozi wakati ule kijijini hayakuwepo. Walimpaka asali, wakamlaza kwenye majani ya mgomba, akapona baada ya karibu mwaka mzima, ila goti halikunyooka tena sawasawa. Sisi watoto kovu lake tulilijua vizuri: linang'aa, gumu, halioti kinyweleo wala halitoki jasho. Kiangazi lilikuwa linapasuka vimistari, analipaka mafuta ya nazi, linafunga. Tulikuwa tunamwomba tuliguse.

Mwaka 2019 mstari mmoja haukufunga.

Mwanzoni ulikuwa unawasha tu. Akajikuna, ukawa kidonda cha ukubwa wa shilingi mia. Zahanati wakampa GV, ile dawa ya zambarau, na sindano za penisilini za PPF, na akarudi nyumbani na vile vidonge vya rangi mbili, akawa anavifungua anamwagia unga kidondani kama wengi wetu tulivyofundishwa na bibi zetu. Kikakauka juu, kikatoka tena. Akaanza kwenda kusafishwa siku moja ndiyo siku moja hapana. Binamu yangu ndiye aliyekuwa anampeleka kwa baiskeli.

Nina daftari lake hapa mezani, lile la kurasa 40 lenye tebo ya kuzidisha nyuma. Nimelihesabu. Maneno mawili yale yale ya Kizungu, kwamba kidonda kimesafishwa, yameandikwa mara 163 kwa miandiko tofauti tofauti. Sukari imepimwa mara tatu, safi. Virusi vimepimwa mara mbili, safi. Dawa za kuua bakteria zimebadilishwa mpaka zikarudi zile za mwanzo. Manesi wale siwalaumu kwa uvivu, kwa kweli walikuwa wanajituma, na mmoja alikuwa anampa gozi za bure. Ila katika daftari lote hakuna mahali palipoandikwa neno kovu.

Katikati hapo ndugu wakampeleka kwa mganga. Akaambiwa amekanyaga kombora lililotegwa kwa ajili ya mtu mwingine. Akachanjwa chale kuzunguka kidonda, akatozwa jogoo mweusi na elfu themanini. Sitaendelea na hilo, wote mnajua linavyoishaga.

Mimi niko Dar, naongea naye kwenye simu, ananiambia "naendelea vizuri, wananisafisha." Agosti 2021 nikaenda kwenye msiba wa babu mdogo. Nikamkuta amekaa mlangoni kabisa, nusu ndani nusu nje, peke yake kwenye mkeka. Mama mkubwa ni mtu wa kukaa katikati ya wanawake wenzake, ndiye anayeanzisha pambio. Nikafikiri kuna ugomvi. Nilipoinama kumwamkia ndipo nikaisikia ile harufu. Alikuwa amejifukiza udi, kanga imenyunyiziwa manukato, na bado. Mkwe wake aliniambia baadaye kwamba vitambaa vyake alikuwa anavifua usiku, watu wakishalala.

Nikamwomba nikione. Wakuu, kile hakikuwa tena kidonda cha kushuka chini. Kilikuwa kimepanda. Kingo zimeinuka, ngumu, zimejikunja kwa nje kama uyoga unaoota kwenye gogo lililooza, katikati kuna utelezi wa kijivu, ukigusa kidogo damu. Kimezunguka nyuma yote ya goti.

Kesho yake tukaenda hospitali kubwa. Tulipokelewa na kijana wa mafunzo kwa vitendo, nadhani hakuwa amefika miaka 27. Hakuanza na kidonda. Alisema, "Shikamoo mama. Hili kovu la lini?" Mama mkubwa akamtazama, akasema, "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Akamshika kwenye kinena, akakuta mtoki mgumu kama punje ya karanga. Kisha akatugeukia: "Kinyama kilishawahi kuchukuliwa?" Tukatazamana.

Kuchukua kinyama, yaani kukata vipande vidogo vya kidonda vikapimwe maabara, kulichukua kama robo saa. Sindano ya ganzi, akakata vipande vinne vidogo kuzunguka kingo, hakuna hata kimoja alichokata katikati. Majibu baada ya wiki tatu: kansa ya ngozi, aina inayoitwa skwamasi, iliyoota ndani ya kovu.

Daktari bingwa wa upasuaji alitukalisha akatueleza, na hapa nashukuru kwamba alikuwa na subira. Alisema jambo hili ni la zamani kuliko hospitali zetu zote. Daktari wa Kifaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika kuhusu vidonda vinavyoota kwenye makovu mwaka 1828, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake, ingawa yeye mwenyewe hakutambua kuwa ni kansa. Wengine ndio walikuja kuunganisha. Kovu la moto lililopona lenyewe, hasa kwenye kiungo, ni ngozi dhaifu. Damu hailifikii vya kutosha. Kila ukikunja goti linavutwa, linapasuka, linaziba, linapasuka tena. Seli za kuziba zinafanya kazi miaka na miaka bila likizo, mpaka siku moja moja yao inakosea njia, na walinzi wa mwili kwenye kovu ni wachache wa kuiona. Kwa kawaida huchukua miaka kama 30. Kwa mama mkubwa ilichukua 44. Akatusimulia pia kwamba kule Kashmir watu wakati wa baridi hutembea na chungu cha makaa chini ya nguo, na wanapata kansa hiyohiyo tumboni na mapajani, mahali chungu kinapogusa.

Mguu ulikatwa juu ya goti Novemba 2021. Daktari bingwa alisema kama tungekuja kikiwa cha ukubwa wa shilingi mia angekata kidonda na nyama safi ya pembeni, kisha abandike ngozi kutoka pajani. Lakini kilikuwa kimeshaingia kwenye kiungo. Ule mtoki walioutoa ukapimwa, ukaonekana umevimba kwa maambukizi tu, kansa haikuwa imefika. Hiyo ndiyo bahati tuliyopata.

Mama mkubwa yupo. Anakaa kwenye kigoda anachoma vitumbua, wajukuu wanauza. Nilimuuliza anajisikiaje bila mguu, akasema, "Wale nzi wamekosa kazi."

Nauliza hivi: kwenye familia zenu, huyo mwenye donda ndugu, kuna aliyewahi kumchukua kinyama?

---

Nyundo Moja

Pole sana mkuu. Nilikuja kwenye jukwaa hili kutafuta bei ya mahindi, nimejikuta nasoma mpaka mwisho. Neno "donda ndugu" lenyewe ndilo tatizo. Ukishampa mtu undugu nani tena atamfukuza.

---

Tabibu Mstaafu

Mleta uzi pole, na hongera kwa kulihifadhi daftari. Mimi nilikuwa afisa tabibu miaka 31, zahanati na vituo vya afya, na ninaandika hapa kwa aibu kidogo: naamini ninao wagonjwa wangu waliofanana na mama yako mkubwa, niliowasafisha mpaka wakaacha kuja. Tulikuwa tunafikiri wamepona.

Naomba niongeze yale ambayo kijana yule wa mafunzo alifanya sawa, maana hayakuwa bahati.

Alichukua kingoni, si katikati. Katikati ya kidonda kikubwa kuna nyama iliyokufa na usaha. Ukipeleka hiyo maabara majibu yatasema "uvimbe wa kawaida wa maambukizi" na mgonjwa atapoteza mwaka mwingine. Halafu alichukua sehemu zaidi ya moja, kwa sababu kidonda kimoja kinaweza kuwa na kansa upande wa kaskazini na upande wa kusini kikawa kidonda tu. Kwa hiyo ukiambiwa kinyama hakikuonyesha kitu na kidonda bado kinapanda, omba kirudiwe. Siyo ujeuri.

Kuna jambo lingine nimelisikia tangu naanza kazi: "kansa ikiguswa na kisu inasambaa." Watu wanakimbia kinyama kwa sababu hiyo. Hizi kansa za vidonda hazisambai kwa kukatwa kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Zinasambaa kwa kuachwa. Anayesema "shangazi alikatwa kinyama akafa baada ya miezi minne" asahau kisu, ahesabu miezi ambayo shangazi alikaa nyumbani kabla yake.

Sasa, si kila kidonda sugu ni kansa, msije mkaanza kulia wote. Mguuni kuna sukari, kuna mishipa ya damu iliyolegea, kuna ukoma ambapo unyayo hauna hisia mtu anakanyaga msumari hajui. Na kuna ule ugonjwa wa Buruli, umepewa jina la eneo la Buruli kule Uganda. Daktari mmisionari Albert Cook alikwisha kuandika habari za vidonda vya namna hiyo hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Ule unaanza kama kinundu kisichouma, kikipasuka kingo zake zina shimo kwa chini, unaweza kuingiza kijiti chini ya ngozi. Hutibiwa kwa rifampisini na klarithromaisini wiki 8. Ona tofauti: kingo za Buruli ziko hewani kama paa lisilo na ukuta, kingo za kansa zimenyanyuka na ni ngumu. Lakini hata mimi na miaka yangu 31 jicho limenidanganya. Vidonda vya ukoma navyo vikikaa miaka mingi vinaweza kugeuka kansa hiyohiyo.

Kipimo changu cha kienyeji, ambacho ningetamani ningekuwa nacho nilipoanza kazi: kidonda chochote kilichosafishwa vizuri miezi mitatu bila kupungua, kitoke mikononi mwa zahanati. Kama kiko juu ya kovu la zamani, usisubiri hata hiyo mitatu.

---

Binti Ulanga

Natokea Mahenge. Huko kifafa ni kingi mno, watafiti wamekuja miaka na miaka, wanakihusisha na usubi, wale wadudu wa mtoni wanaoleta upofu. Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa kule tangu miaka ya 1960. Sasa jumlisha kifafa na mafiga matatu ya moto chini. Makovu ya moto kwetu ni kitu cha kawaida, utamkuta mtu ana mkono uliokunjamana, mwingine mguu, mwingine kichwani nywele hazioti.

Nimesoma uzi huu nikamkumbuka jirani yetu. Alianguka jikoni akiwa msichana, kovu begani. Nilipokuwa kidato cha pili alikuwa na kidonda mahali palepale na watu walikuwa wanasema kifafa "kimetokea nje." Alifariki. Hakuna aliyemkata kinyama wala hakuna aliyekuwa anajua kuna kitu hicho.

---

DawaAsili Mlimani

Habari wapendwa. Msikatishwe tamaa. Vidonda sugu vyote pamoja na kansa vinapona bila kukatwa. Nina unga na mafuta meusi ya mizizi saba, unapaka siku 21 kidonda kinafunga chenyewe. Waliopona ni wengi. Njoo inboksi.

---

Mpwa wa Kimamba

@DawaAsili Mlimani kwa nini inboksi? Weka hapa hapa. Nani alipimwa kinyama kabla ya mafuta yako, kikaonyesha kansa, na akapimwa tena baada ya siku 21? Mmoja tu anatosha.

---

Tabibu Mstaafu

Na "kinafunga" si "kimepona." Yale mafuta meusi mengi yanaunguza. Yanaunguza nyama ya juu, linatoka gamba, ngozi inajifunga juu yake mtu anashangilia, na kansa iko chini inaendelea na safari zake. Nimeona pua ya mtu namna hiyo. Siungi mkono kudharau mitishamba yote, mwarobaini nautumia mwenyewe kwa mambo yangu, lakini hapa hapana.

---

Kofia Pana

Naona mnaongelea makovu na mimi nisemee ngozi yangu. Nina ualbino, nimezaliwa Shinyanga, mwaka huu nimetimiza 41, na hiyo namba naitaja kwa makusudi. Utafiti wa hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, uliochapishwa 1985 ulikuta watu wenye ualbino waliokuwa wanavuka miaka 40 ni wachache mno, na aliyekuwa anawaua ni jua. Watu mnawaza mapanga tu. Mapanga yapo, lakini jua liko kila siku.

Tanzania inakadiriwa mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Na kansa tunayopata sisi mara nyingi ni hiyohiyo skwamasi ya mama mkubwa, isipokuwa kwetu haisubiri kovu. Inapenda masikio, midomo, shingo kwa nyuma, mgongo wa mkono. Kaka yangu alikuwa mvuvi. Kilianza kama gamba sikioni, analibandua, linarudi. Alikuwa na miaka 26. Nyumbani walisema anajikwaruza na kamba ya nyavu. Tulimzika kabla ya 28.

Mimi kilichonisaidia ni shule ya bweni. Mwalimu mmoja alinipa kofia ya ukingo mpana, akanihamisha kutoka kikosi cha bustani kwenda cha maktaba. Wenzangu walikasirika, waliona napendelewa. Sasa hivi kila miezi sita naenda kliniki ya ngozi. Wakikuta vile vigamba vikavu vinavyokwaruza kama msasa, wanavichoma kwa naitrojeni ya maji, inafuka kama chungu cha makande kumbe ni baridi ya kutisha. Inauma kama kuumwa na siafu kumi, kinadondoka chenyewe. Nimechomwa karibu hamsini. Hakuna hata kimoja kilichofika kuwa kidonda.

Mafuta ya jua natumia Kilisun, yanatengenezwa Moshi kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoko hospitali ya KCMC na yanagawiwa kwetu bure. Tatizo watu wanapaka kidogo kama losheni ya harusini. Paka mpaka nyuma ya masikio. Na nguo: inyanyue fulana yako kwenye mwanga, kama unaona mkono wako kwa ndani basi jua nalo linauona. Nikipanda basi la Dar kutoka Mwanza, asubuhi naomba siti ya upande wa kulia, jioni namwomba abiria wa kushoto tubadilishane. Makondakta wananijua, wananiita "bosi wa kivuli."

Jambo moja nawaomba wazazi. Mtoto mwenye ualbino asianze kofia akienda darasa la kwanza. Aanze siku anayotolewa nje kwa mara ya kwanza. Na mama anayelima na mtoto mgongoni, kanga peke yake haitoshi.

---

Nyundo Moja

@Kofia Pana hiyo ya fulana kwenye mwanga nimeijaribu sasa hivi na shati langu la kazini. Namuona mpaka mke wangu.

---

Mwana Reggae

Swali. Ina maana sisi weusi wa kawaida ngozi yetu iko salama na jua? Maana najua Bob Marley alikufa na kansa iliyoanzia kidole cha mguu, na wengi wanasema aliumia mpirani.

---

Tabibu Mstaafu

@Mwana Reggae swali zuri. Weusi unatukinga na jua kwa kiasi kikubwa sana, kweli. Ndiyo maana kansa zetu za ngozi zinajificha mahali jua halifiki: kwenye makovu, na ile mbaya zaidi, melanoma, kwenye unyayo, kiganja na chini ya kucha. Bob iligundulika 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mpira ulimfanya akitazame kidole tu, haukuleta ugonjwa. Hakukubali kukatwa kidole kwa imani yake ya Rasta, wakamtoa ukucha na nyama ya chini yake. Ilimfika mapafuni na kwenye ubongo, akafariki Miami 11 Mei 1981 akiwa na miaka 36.

Sasa msianze kuogopa kucha zenu. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa kwa mtu mweusi ni kawaida, hata mimi ninayo. Wa kuutilia shaka ni mstari mmoja, kwenye ukucha mmoja, uliozuka ukubwani, unaozidi kupanuka, au ule weusi wake unamwagika mpaka kwenye ngozi ya pembeni ya ukucha. Na doa jeusi kwenye unyayo linalokua, lenye rangi mbili tatu na mpaka usioeleweka, usilikwangue kwa wembe kama sugu. Watu wa mashambani tunachomwa na miba kila siku, kwa hiyo kila doa la unyayo tunaliita mwiba uliobaki.

Mkikaguana nyumbani, geuzeni miguu. Hata mimi nilikuwa nakagua mgonjwa mzima bila kumwambia avue viatu.

---

Nesi wa Kanyigo

Niongezee moja ambalo limesahaulika. Nilianza kazi Kagera miaka ya 1980, wakati ule Ukimwi tukiuita Juliana, wagonjwa wa kwanza nchini walitangazwa kwetu mwaka 1983. Vile vinundu vya zambarau, ambavyo juu ya ngozi nyeusi vinaonekana vyeusi tu, tulikuwa tunavikuta mguuni, usoni, na ukimwambia mgonjwa afungue kinywa unaviona juu kwenye kaakaa. Ni kansa ya Kaposi. Jina ni la daktari Moritz Kaposi wa Vienna, aliyeiandika 1872, yaani miaka zaidi ya mia kabla ya Ukimwi. Wazee wa huku walikuwa nayo zamani, inakwenda polepole, mguu unavimba na kuwa mgumu kama gogo. Kirusi chenyewe, ambacho si kile cha Ukimwi, kilijulikana 1994.

Nasema hivi kwa sababu mpaka leo mtu akiona vinundu anajificha, anaogopa jirani watasema nini. Anafuga mguu mpaka unapasuka unakuwa kidonda, ndipo anakuja na hadithi ya kukanyaga kitu. Wenye virusi wengi hupungukiwa vinundu wakianza dawa za kufubaza tu, wengine wanaongezewa dripu za kansa. Na mtu anaweza kuwa na Kaposi na asiwe na virusi kabisa. Kipimo ndicho kitakachosema, siyo jirani.

---

Chaukucha

Wakuu, nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Baba yangu, miaka 68, kijijini. Ana kovu kwenye mundi tangu 1988, ajali ya trekta, halikuwahi kupona vizuri, linafunga linafunguka. Tangu mwaka jana limefunguka halifungi, na upande mmoja pameota kinundu kama koliflawa. Hakiumi. Anasema kwa kuwa hakiumi si kitu. Ningoje?

---

Mpwa wa Kimamba

@Chaukucha usingoje. Mama mkubwa naye hakikumuuma mwaka wote wa kwanza. Nenda naye mwenyewe, usimtume na mtoto. Na ukifika usiseme "ana kidonda," watampeleka chumba cha kusafisha. Sema "ana kovu la 1988 ambalo limeota kitu, naomba achukuliwe kinyama." Neno kwa neno.

---

Tabibu Mstaafu

Nakazia. Omba pia washike kinena. Na bima yake uikague kabla, usije ukagundua dirishani kwamba imeisha.

---

Chaukucha *(siku tisa baadaye)*

Wakuu nimerudi. Hospitali ya wilaya walikuwa wanataka kumsafisha, nikasema kama alivyofundisha Mpwa. Nesi akacheka akasema "wewe umesomea wapi," lakini akamwita daktari. Wamechukua vipande vitatu. Mtoki hakuna. Mzee amekasirika kidogo, anasema amekatwa bila kuulizwa ukoo wake.

Tatizo, pale maabara ya kinyama hakuna. Nimepewa chupa mkononi nipeleke mkoani mwenyewe. Niko stendi sasa, chupa iko kwenye mfuko wa koti, safari ni saa tano. Je, inatakiwa ikae kwenye barafu?

---

Tabibu Mstaafu

Hapana, barafu hapana. Ile ni formalini, inakaa kwenye joto la kawaida. Hakikisha maji yamevifunika vipande vyote, ifunge ndani ya glavu kama inavuja, ikae wima. Halafu angalia kitu kimoja kabla basi halijaondoka: jina la mzee, tarehe na "mundi wa kushoto" au "kulia" viwe vimeandikwa kwenye chupa yenyewe. Si kwenye kifuniko. Vifuniko maabara vinabadilishana.

---

Chaukucha

Viko kwenye kifuniko. Naazima kalamu kwa kondakta.